Siha ya Mfanyakazi ni Amana ya Nani?

Kila alfajiri, katika miji yetu ya pwani, tangu Vanga hata Lamu, birika la chai hutangulia mambo mengine yote. Twanywa kikombe kabla ya kufungua duka, twanywa cha pili barazani, na jioni twarudia tena. Ni wachache miongoni mwetu wanaojiuliza majani yale yatoka wapi na yamepita mikononi mwa nani. Yatoka bara, na moja katika sehemu za bara zitoazo chai kwa wingi ni vilima vya Kisii na Nyamira, ambako mvua haina uchoyo na mashamba yamepandwa tangu bondeni hata kileleni. Huko majani huchumwa kwa mkono, hubebwa kwa kikapu mgongoni mpaka kituo cha kupimia, husagwa na kukaushwa katika viwanda vya Nyansiongo, Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Nyamache, Ogembo na vinginevyo, kisha huteremshwa mpaka Mombasa na kuuzwa mnadani. Kwa hivyo mchumaji wa Nyamira na mnywaji wa Kibokoni, ijapokuwa hawajuani kwa sura wala kwa jina, wamefungwa kwa uzi mmoja.

Twaanza na chai kwa sababu ya swali lililoletwa katika kikao chetu baada ya swala ya isha. Ndugu mmoja aliuliza: "Katika siku za Korona watu wengine waliambiwa, kaeni majumbani; na wengine wakaambiwa, nendeni kazini. Waliokwenda kazini, baadhi yao waliugua, baadhi yao walikufa, na wengi walirudi na miili mizima lakini nyoyo zimechoka. Je, mshahara walioupokea ulikuwa malipo ya kazi yao tu, au ulikuwa pia bei ya siha yao? Na kama haukuwa bei ya siha yao, basi deni hilo liko shingoni mwa nani?"

Maneno yalikuwa mengi usiku ule, na hatukuafikiana. Wako waliosema kuwa jambo hili limekwisha, kwani Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba hali ya dharura imeondoka. Sisi twasema dharura imeondoka, ama swali halijaondoka. Maradhi ya namna hii hurudi kwa majina mengine, na yatakaporudi yatatukuta na tabia zile zile tulizokuwa nazo, ikiwa hatukuzipima katika siku za amani. Kwa hivyo tumeona ni vyema tuliandike jambo hili, na tumechagua kutazama Kisii na Nyamira, kwa kuwa mambo ya watu walio mbali nasi huonekana kwa uwazi zaidi kuliko ya nyumbani mwetu. Kisha, tukimaliza kuwatazama wao, tutajitazama wenyewe.

Kwanza tukumbushane mambo yalivyokuwa. Serikali ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye ikaamriwa shule zifungwe. Tangu tarehe 27 ya mwezi huo watu wakakatazwa kutoka nje usiku, na katazo hilo, pamoja na kupunguzwa na kuongezwa saa zake mara kwa mara, halikuondolewa mpaka tarehe 20 Oktoba 2021. Matatu ya abiria 14 ikaamriwa ichukue 8. Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hapana kutoka wala kuingia, tangu tarehe 8 Aprili 2020; Kilifi na Kwale mpaka mapema Juni, na Mombasa mpaka mapema Julai.

Lakini hakuna amri iwezayo kuufunga mti wa chai. Jani likikomaa lataka kuchumwa, na likichumwa lataka kufikishwa kiwandani siku ile ile, kwani likilala huharibika. Kwa hivyo kazi ya chakula na mazao iliwekwa katika kazi za lazima, na watu wa mashamba na viwanda wakaendelea kutoka. Na lazima kuliko hiyo ilikuwa kazi ya hospitali. Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira watu 605,576 katika hesabu ya mwaka 2019. Na hospitali kubwa ya rufaa iliyoko mji wa Kisii hupokea wagonjwa wa kaunti zote mbili, na juu yao hupokea wa Homa Bay, Migori na Narok. Muuguzi wa hospitali kama hiyo, na tarishi wake, na mfagiaji wake, na mpishi wake, na anayeosha maiti na kuwalaza chumbani, hakuna hata mmoja katika hao aliyeweza kuifanyia kazi yake nyumbani.

Sasa tutazame kazi hiyo iliwafanya nini.

La kwanza ni mwili, na hilo halihitaji maelezo marefu. Anayemhudumia mgonjwa wa kifua kwa saa nyingi yu karibu na pumzi zake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba tangu Januari 2020 mpaka Mei 2021, wafanyakazi wa afya waliokufa kwa maradhi haya duniani walikuwa kati ya 80,000 na 180,000. Hapa kwetu, daktari wa kwanza kufa alikuwa Dkt. Doreen Lugaliki, tarehe 10 Julai 2020. Mwezi huo huo, katika hospitali ya Kisii, alifariki mwanamke kijana aliyekuwa mhudumu wa afya wa kaunti jirani, siku chache baada ya kujifungua mtoto. Cheo nacho hakikumkinga mtu: Gavana wa Nyamira, John Nyagarama, alifariki tarehe 18 Desemba 2020, na iliripotiwa kuwa ni kwa maradhi haya.

La pili ni la moyo, na hili ndilo watu wengi hulipuuza kwa kuwa halionekani katika picha wala katika damu. Mtu akitoka hospitalini alfajiri, amefunga barakoa tangu jioni hata masikio yake yana vidonda, hofu yake kubwa si juu ya nafsi yake. Hofu yake ni juu ya mama yake mzee anayemngoja, na mtoto atakayemkimbilia mlangoni kumkumbatia. Akimzuia mtoto, amemhuzunisha. Asipomzuia, hana raha usiku kucha. Jirani wampungia mkono kwa mbali. Katika matatu, wakijua afanya kazi wapi, watu husogea. Na akifiwa na mgonjwa aliyemuuguza wiki mbili, hapati hata nafasi ya kukaa na kusikitika, kwani kitanda kile hakikai wazi.

Mambo haya yakiendelea kwa miezi, mtu hupatwa na hali ambayo wataalamu wa afya wameieleza kwa alama tatu: nguvu humwishia, kazi yake humchukiza na watu anaowahudumia huwa kwake kama mizigo, na mwisho huona kwamba lolote afanyalo halina faida. Si uvivu, wala si upungufu wa imani. Ni uchovu uliozidi kipimo, kama kamba iliyovutwa mpaka nyuzi zake zimeanza kukatika moja moja huku kwa nje ikionekana nzima. Shirika hilo hilo la afya lilieleza mwaka 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, wasiwasi na huzuni ya maradhi ziliongezeka duniani kwa kadiri ya robo nzima. Tena kazi ya saa nyingi peke yake, hata pasipo janga, huua: uchunguzi uliotolewa mwaka 2021 ulikadiria kwamba waliokufa mwaka 2016 kwa kiharusi na maradhi ya moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki walikuwa watu 745,000.

La tatu ni ujira. Wako watakaouliza, ujira wahusianaje na siha? Twawajibu kwa habari ya Dkt. Stephen Mogusu, ambaye jina lake ni la Kigusii. Alikuwa kijana wa miaka 28, akifanya kazi Machakos katika mahali palipotengwa kwa wagonjwa wa Korona. Alipatwa na maradhi hayo, akafariki tarehe 7 Desemba 2020, akaacha mke na mtoto mchanga. Ikadhihirika ya kwamba alikuwa hajalipwa mshahara kwa miezi mitano, wala hakuwa na bima ya matibabu. Siku hiyo hiyo ya kufa kwake wauguzi na maafisa wa kliniki walikuwa wameanza mgomo. Na madaktari wakafuata tarehe 21. Wako waliowalaumu kwa kuacha wagonjwa. Sisi hatusemi mgomo wa hospitali ni jambo jepesi, kwani anayeumia kwanza ni maskini asiye na hospitali nyingine ya kwenda. Lakini yatupasa tuulize ni nani aliyetangulia kuvunja mapatano. Mtu aliyetumwa kusimama mlangoni mwa mauti, kisha akanyimwa ujira wake na akanyimwa bima yake, huyo ametendewa nini kama si dhuluma?

Hizo ndizo hali zenyewe. Sasa turejee katika swali. Tumesikia majibu matatu ya watu wanaosema kwamba mwenye kazi hana deni, nasi tutayajibu moja moja.

Jibu la kwanza ni la wale wasemao: "Hayo ni majaliwa. Kila mtu ana siku yake, na ajali haina kinga. Aliyeandikiwa kufa atakufa, awe wodini au awe kitandani kwake." Maneno haya yana sura ya ucha Mungu, na kwa hivyo watu huona haya kuyapinga. Sisi twamtaka asemaye hivi ajitazame. Usiku akifunga duka lake, hutia makufuli mawili na huweka mlinzi. Kwa nini hasemi kwamba mali iliyoandikiwa kuibwa itaibwa? Mbona majaliwa yamekuwa ni hoja juu ya pafu la mfanyakazi, na si hoja juu ya sanduku la fedha?

Tena jambo hili lilikwisha kuamuliwa zamani. Mwaka wa 18 wa Hijra, Khalifa Umar bin al-Khattab alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika Sargh aliarifiwa kwamba tauni imeingia katika nchi ile. Akataka shauri la Muhajirina, kisha la Ansari, kisha la wazee wa Kikureshi, na mwisho akaazimu kuwarudisha watu aliokuwa nao. Abu Ubaida bin al-Jarrah, amiri wa jeshi la Sham, alimuuliza kama huko si kuikimbia kadari. Naye akamjibu kwamba kuiacha kadari moja na kuishika nyingine kwote ni katika kadari, kama mchunga anayeacha upande mkavu wa bonde akapeleka ngamia wake penye majani. Basi ikiwa Umar, aliyekuwa na watu chini ya amri yake, hakuona kwamba imani yamruhusu kuwaingiza katika tauni pasipo haja, mwenye kiwanda au mwenye duka ataipata wapi ruhusa hiyo?

Na habari hiyo ina upande wa pili usiosemwa sana. Abu Ubaida hakuondoka. Alirudi kwa askari wake, akakaa nao, akafa kwa tauni ile pamoja na wengi wao. Hatuwataki wakubwa wa leo wafe. Lakini twajifunza kwake kwamba, pale ambapo kazi haina budi kuendelea na hatari haina budi kukabiliwa, mkubwa huichukua hatari hiyo pamoja na wadogo zake. Haifai aketi mbali, awaandikie barua ya kuwaita mashujaa. Sifa bila ya ngao ni maneno. Mfanyakazi aliyepigiwa makofi asubuhi, kisha jioni akapewa barakoa moja ya kutumia siku tatu, amedhihakiwa.

Jibu la pili ni la wale wasemao: "Alijua kazi yake alipoiomba. Muuguzi alijua ataguza wagonjwa, na dereva alijua atapanda na watu. Ameridhika, na aliyeridhika hana dai." Hoja hii ina nguvu kidogo, nasi hatutaki kuidharau. Ni kweli kila kazi ina hatari yake ya asili, na mwenye kuishika ameikubali. Lakini tutofautishe hatari ya kazi na hatari ya uzembe. Baharia anajua bahari, na anajua kaskazi na kusi, hayo ameyakubali. Hakukubali chombo kivujacho ambacho nahodha alijua chavuja na akanyamaza. Muuguzi alikubali kumhudumia mgonjwa. Hakukubali kumhudumia pasipo glavu, wala kufanya zamu mbili kwa kuwa mwenzake aliyeugua hakutafutiwa wa kumshikia nafasi.

Tena tuulize ridhaa ya mwenye njaa ni ridhaa ya namna gani. Tumfikirie kibarua wa kuchuma chai. Yeye hulipwa kwa kilo: siku aliyochuma amekula, na siku asiyochuma hakula. Akiamka na homa na kikohozi, ana njia mbili. Akae nyumbani, awalaze watoto bila chakula. Au aende shambani, akasimame kituoni pamoja na wenzake arubaini wakingoja mizani. Akienda, tutasema ameridhika? Hakuchagua baina ya kheri na shari, alichagua baina ya shari mbili, na sisi tuliomweka hapo hatuwezi kujificha nyuma ya hiari yake.

Sheria ya nchi yenyewe imeliona jambo hili kwa sehemu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini, akiugua, si chini ya siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara katika mwaka. Siku hizo zikijumlishwa ni 14, na karantini iliyoamriwa mwaka 2020 ilikuwa ya siku 14. Kana kwamba sheria ilijua. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yasema kwamba mfanyakazi aonaye hatari kubwa na amwarifu msimamizi wake, na mpaka hatari hiyo iondolewe, mwenye kazi asimtake arudi mahali pale. Sheria hizi ni njema. Lakini kibarua wa siku hatimizi miezi miwili katika daftari la mtu yeyote, ijapokuwa ametimiza miaka kumi katika shamba lile lile. Yeye husimama nje ya mlango wa sheria, na aliye nje ya mlango ndiye mwenye kunyeshewa na mvua.

Jibu la tatu ni la wale wasemao: "Hapana fedha. Sisi wenyewe tuliumia." Hili ndilo jibu zito, na mwenye insafu hawezi kulipita. Mwaka 2020 wenye kazi wengi walikuwa taabani. Hoteli za pwani zilifungwa. Mafundi wa Tabaka, Kisii, wachongao mawe laini yale tunayoyaona yakiuzwa kwa wageni Mombasa na Malindi, walikaa na vinyago vyao kwa kukosa wageni. Shule za binafsi hazikupokea karo, na walimu wake wakakaa miezi bila mshahara mpaka baadhi ya madarasa yalipofunguliwa tarehe 12 Oktoba 2020 na yote tarehe 4 Januari 2021. Walimu hao hawakuambukizwa kazini, lakini kukosa kazi nako kuliwaingilia nyoyoni: baba mwenye elimu, aliyezoea kuitwa mwalimu, akawa akopa unga. Kwa hivyo hatusemi kwamba dawa ilikuwa kila mtu akae nyumbani. Kazi nayo ni siha, na kukosa kazi ni maradhi. Tunalouliza ni watu walifanya kazi vipi, na nani alisimama nao.

Basi kwa asiye na fedha twasema hivi. Ziko haki za mfanyakazi ambazo hazilipwi kwa fedha. Ya kwanza ni ukweli: akiugua mtu katika kiwanda, wenzake waambiwe siku ile ile, wala jambo lisifichwe kwa kuogopa kazi kusimama. Ya pili ni kutoadhibu ugonjwa: mtu asipoteze nafasi yake kwa kuwa alisema ana homa, kwani akiona mwenzake aliyesema amefukuzwa, yeye atanyamaza, na kunyamaza kwake kutawaambukiza wote. Ya tatu ni mapumziko: zamu zigawanywe kwa uadilifu, asiwe mnyonge ndiye wa usiku kila siku. Ya nne ni kusikilizwa: msimamizi amuulize mtu hali yake, na angoje jibu. Hakuna hata moja katika hizi inayohitaji hazina.

Ama serikali, ya taifa na ya kaunti, haiwezi kusema ilivyosema duka dogo. Tangu katiba ya 2010 hospitali zimekuwa mikononi mwa kaunti, na kaunti hukusanya ushuru wa kila mama auzaye ndizi sokoni. Anayetoza kwa wakati alipe kwa wakati. Kuchelewesha ujira wa mtu aliyekwisha kutoa jasho lake ni jambo ambalo mafundisho yetu yamelikataza kwa maneno mazito, na halibadiliki kuwa halali kwa sababu mdaiwa ni ofisi na si mtu.

Sasa tutimize ahadi yetu, tujitazame. Ni rahisi mtu wa pwani kusoma habari za Kisii na Nyamira akatikisa kichwa. Tukumbuke sisi tuna historia ndefu katika mambo haya. Homa kubwa ya 1918 iliingia nchi hii kwa bandari yetu, mwezi wa Septemba, kwa meli; kisha ikapanda bara kwa njia ya reli. Hamali wa gati na watu wa reli hawakuwa na baraza la kukalia mpaka homa ipite. Na mwezi wa Mei 2020, Mji wa Kale wa Mombasa ulipofungwa, wengi katika sisi tulikaa ndani, na chakula kikatufikia. Kilifikaje? Aliyekileta alikuwa nani, na akirudi kwake usiku alilala wapi?

Tujiulize habari za mtumishi wa nyumbani. Wako walioachishwa kazi siku moja, wakaambiwa warudi kwao na hali njia zimefungwa. Wako waliobakizwa, wakaambiwa wasitoke kabisa, miezi mitatu, pasipo siku moja ya mapumziko, kwa kuwa wakitoka wataleta maradhi. Na bibi na bwana wa nyumba wakitoka kila siku. Wako walimu wa madrasa waliokosa ada siku ile ile watoto walipokosa darasa, na hakuna aliyebisha hodi kwao kuuliza wala nini. Ndugu zetu, haya hayakutendwa na serikali wala na kiwanda cha bara. Yalitendwa na sisi, ndani ya nyumba zetu, na wengi wetu mpaka leo hatujaona kwamba tulitenda jambo.

Jawabu letu, basi, kwa ndugu aliyeuliza ni hili. Mshahara ni bei ya kazi. Siha haiingii katika biashara hiyo, kwani haikuwa ya mfanyakazi kuiuza wala ya tajiri kuinunua. Ni amana aliyopewa kila mtu na Mola wake. Mtu akikuletea kazi yake, amana hiyo huja nayo, kwa kuwa hawezi kuuacha mwili wake nyumbani akaleta mikono peke yake. Nawe ukiipokea mikono umeipokea amana. Ikiharibika pasipo uzembe wako, huna lawama, lakini una wajibu wa kumsitiri mwenzako na watu wake. Ikiharibika kwa uzembe wako, una deni, na deni la namna hii halifutwi kwa kusema siku zile zilikuwa ngumu kwa wote.

Twapendekeza jambo moja, dogo, ambalo kila asomaye aweza kulianza kabla ya Ijumaa ijayo. Kila mwenye mtu anayemfanyia kazi, awe wa dukani, wa garini, wa shambani au wa jikoni, amuulize: "Siku za Korona ulikuwaje?" Asimuulize kwa haraka akiwa njiani kutoka, akae, amsikilize. Huenda akasikia jambo linalomdai. Likiwa ni ujira uliobaki, alipe. Likiwa ni neno baya, aombe radhi. Na hata kama hakusikia deni lolote, atakuwa amejifunza yale atakayopaswa kuyafanya maradhi mengine yatakapobisha.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa wakiwahudumia wenzao, awape siha waliobaki na athari katika miili na nyoyo zao, na atuwafikishe sisi kuzitunza amana zilizo mikononi mwetu. Amin.